Aliyebonyeza Maji

"Mutoto yangu alikufa ju ya mukono ya huyu, na weye uko unanionesha mashini."

Bijou hakuwa ameketi tangu aingie. Alisimama katikati ya chumba cha kuongozea mitambo, kitenge cheusi cha msiba kimefungwa kiunoni, mfuko wa plastiki mkononi, na kidole kimemwelekea kijana aliyekaa kwenye kiti cha chuma na pingu mikononi.

"Kaa, Maman Bijou," Inspekta Eulalie alisema.

"Nilikaa siku zote za kilio. Leo nasimama."

"Nilibonyeza maji, maman," alisema kijana. Jina lake Guy. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kulala cachot, mahabusu ya polisi. "Mbele ya Mungu, nilibonyeza maji."

"Mimi njo nilimuosha Hervé. Ngozi ilibakia mu kitambaa. Usinifundishe maji inafanyaka nini."

Guy aliinamisha kichwa. Mzee aliyeegemea kabati la umeme akatikisa chake. Huyo alikuwa Adalbert, mkuu wa matengenezo wa kiwanda hiki cha sabuni cha Kasha. Koti lake la bluu lilikuwa limepigwa pasi vizuri, na kalamu tatu zilipangwa mfukoni.

"Maman, miye nilisema tangu siku ya kwanza," alisema kwa upole. "Karte ilikufa. Taa yake ilikuwa nyekundu, batu bote baliona. Lakini karte haikufake bure. Inakufaka ju mutu fulani hajue kazi."

"Unasikia?" Bijou alimwambia Eulalie. "Papa Adalbert iko na miaka mingi humu. Weye uliingia asubuhi."

"Niliingia asubuhi mapema," Eulalie alisema. "Ndiyo maana nimeshachoka na kelele. Adhuhuri magistrat anataka jibu. Guy apande jeep kwenda prizo kufungwa, ama avuliwe pingu. Niacheni nifanye kazi."

Kila mmoja alijua kilichokuwa nje. Jeep ya polisi ilisimama mbele ya lango kuu, na kati ya jeep na lango walisimama Jean-Marie, mtoto wa kwanza wa Bijou, na binamu zake. Jean-Marie alikuwa amemwambia mlinzi bila kuficha: Guy akitoka bila pingu, hatafika kwenye lami.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Umeme ulikatika mchana, jambo la kila siku, kisha ukarudi. Tangi kubwa la kupikia sabuni lilikuwa limeanza kuchemka kupita kiasi. Guy alibonyeza kitufe cha maji ya kupoza. Maji hayakuja. Ilifunguka vani, yaani vali, ya mvuke, ikafunguka yote, tangi likatapika sabuni na magadi yanayochemka juu ya jukwaa la chuma, na juu ya jukwaa alikuwa amesimama Hervé.

Eulalie alikata karatasi ya muhuri iliyobandikwa kwenye mlango wa kabati. Kabla ya polisi alikuwa amesoma umeme miaka yake yote ya shule ya ufundi, na mikono yake haikusita. Ndani, karte, kadi za elektroniki, zilikaa mstari mmoja kama meno. Mbili za mwisho ndizo zilizotuma amri kwenye vani: moja ya mvuke, moja ya maji. Karte haitumi nguvu kubwa. Inatuma umeme mdogo sana, wa milliampere. Ikituma nne, vani inakaa imefungwa. Ikituma ishirini, vani inafunguka yote. Mbele ya kila karte huchomekwa borniye, kipande cha plastiki chenye nyaya zinazokwenda kwenye vani. Sasa borniye zote mbili zilikuwa zimechomolewa, zinaning'inia.

"Nani alizichomoa?"

"Ni miye," Adalbert alisema. "Nilikimbia hapa kuokoa karte."

"Kabla ya kumkimbilia Hervé?"

"Pale balikuwa batu mingi. Hapa hapakuwa mutu."

Eulalie alifungua mkoba wake, mkubwa kama wa kwenda sokoni, akatoa karte iliyofungwa kwa gazeti.

"Hii ndiyo ya mvuke uliyoitoa siku ile, ukaweka mpya. Sivyo?"

"Njo yenyewe. Imekufa."

"Ishike."

Adalbert aliigusa, akaondoa vidole. "Iko moto."

"Tangu asubuhi nimeilaza juu ya boila. Karte nyingine hudanganya. Ikipoa inapona, ikipata joto inakufa tena. Sikutaka uje kuniambia hivyo baadaye."

Aliichomoa ile mpya, akairudisha ya zamani mahali pake. Kwenye uso wake ikawaka taa nyekundu.

"Unaona?" Adalbert alisema.

Eulalie aliinama mbele ya karte. Alichukua kipimo chake, akabana waya zake mbili kwenye meno ya karte, pale borniye ingekaa. Taa nyekundu ikazimika.

"Guy, njoo kwenye skrini. Mikono inafika? Haya. Omba vani ya mvuke sifuri."

Guy alibonyeza kwa kidole kimoja, pingu zikagonga meza.

"Nne," Eulalie alisoma. "Omba nusu."

"Nusu."

"Kumi na mbili. Omba yote."

"Yote."

"Ishirini kamili. Maman Bijou, sogea uone namba. Karte iko na joto la boila, na inasema kila kitu sawasawa." Alichomoa waya mmoja wa kipimo, na taa nyekundu ikawaka papo hapo. Akaurudisha, taa ikazimika. "Taa hii hailii kwamba karte imekufa. Inalia kwamba waya hauko. Ukichomoa borniye umeme ukiwapo, inawaka. Guy, siku ile, kabla ya kubonyeza, taa ilikuwa nyekundu?"

"Haikuwa. Naangaliaka taa mbele ya kitu yote. Ingekuwa nyekundu singebonyeza."

"Batu baliiona nyekundu," Adalbert alisema.

"Waliiona walipofika. Na walipofika, mlinzi ananiambia, wewe ulikuwa umeshika borniye mkononi."

Bijou alimtazama Adalbert, kisha akaitazama taa. Kidole chake kilikuwa kimeacha kumwelekea Guy.

Adalbert alijifuta paji la uso kwa leso. "Sawa. Karte iko muzima. Basi ni vani. Vani inaweza kwama."

"Asubuhi niliipelekea umeme wa nne kwa kifaa changu mwenyewe. Ikafunga. Ishirini, ikafungua. Nne tena, ikafunga. Vani ni nzima."

"Karte muzima, vani muzima," Adalbert alisema polepole, kama anayempa mtoto hesabu. "Basi inabakia nini, Maman Inspekta? Inabakia mukono ya huyu kijana. Alibonyeza muvuke, alafu anasema maji."

"Njo nilisema tangu mwanzo," Bijou alisema, na kidole kikarudi.

"Inabaki njia ya katikati," Eulalie alisema. "Guy, niambie. Umeme ukikatika, ninyi hufanya nini hapa?"

"Tunachomoa borniye. Umeme ikirudi inakujaka na teke, na ilikuwa inatuchomea karte. Karte inatoka Ulaya, inapita Kampala, tunaweza kungoya hata Noeli ipite. Basi tunazichomoa, umeme ikisharudi na kutulia, tunazirudisha."

"Zote mbili zinafanana. Mnazijuaje?"

"Kwa nyuzi. Nyekundu ni muvuke, bluu ni maji. Hervé njo alizifunga."

"Uzi ni yangu," Bijou alisema ghafla. "Ya triko, ya kufuma sweta. Aliniomba, nikamukatia."

Eulalie alizishika zile nyaya mbili zinazoning'inia, nyeupe zamani, sasa rangi ya chai. Kila moja ilikuwa na uzi wa sufu umezungushwa na kufungwa fundo karibu na borniye. Aliusukuma uzi wa bluu kwa ukucha wake wa kidole gumba. Chini yake, ganda la waya lilikuwa na pete ya rangi ya waridi. Aliurudisha uzi mahali pake. Akasukuma mwekundu kidogo. Chini yake palikuwa na pete ya samawati. Ule nao akaurudisha, akajifuta mikono.

"Funguo za kabati hili anazo nani?"

"Miye na patron," Adalbert alisema.

"Patron yuko Kinshasa tangu mwezi uliopita. Na operateri?"

"Habana. Miye nikifika zamu nalifungua, nikienda nalifunga."

"Na zikisharudishwa borniye, nani anapanda jukwaani kuangalia kama vani zinatii?"

Guy alikohoa. "Ule mwenye alizirudisha. Njo desturi yetu. Mwenzake anabonyeza. Mu zamu yetu, siku zote, miye njo napandaka. Hervé anabonyeza."

Bijou aliuweka mfuko wake wa plastiki mezani.

"Sasa siku ile?" alimuuliza Guy. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza kitu bila kumtukana.

"Goti ilikuwa inaniuma, maman. Nilirudisha borniye, nikaanza kupanda ngazi. Hervé akaniambia, kaka, bakia, unatembea kama muzee, miye napanda. Akacheka. Akapanda."

Bijou alishika ukingo wa meza.

Eulalie alimgeukia Adalbert. "Papa Adalbert, Gentil anaendeleaje?"

Kalamu tatu zilipanda na kushuka kwenye kifua cha mzee. "Anaingiaje humu?"

"Nauliza hali ya mtoto wako."

"Anatambaa. Iko na miaka makumi mbili na anatambaa mu nyumba. Mama yake angekuwa muzima angekufa kwa kuona ile. Unataka nini ingine?"

"Guy ndiye aliyesema kwamba Gentil alikuwa na waya za shaba za kiwanda."

"Guy alisema kwa mulinzi," Adalbert alisema, na upole wote ukawa umemtoka. "Kwa mulinzi, mbele ya batu, ku barabara. Hakukuja kwangu. Vijana ya kartie, ya mutaa yetu, balisikia mwizi, na mbele polisi ifike balikuwa balishamuvunja mugongo. Shaba yenyewe ilikuwa ya kutupa."

"Sikujua batafanya vile, chef," Guy alisema.

"Haukujua." Adalbert alicheka bila kufungua meno. "Siku hizi hakuna mutu anajuaka kitu."

Eulalie aliichomoa karte ya zamani, akaiweka ile mpya. "Vizuri. Tumalize. Wewe umesema karte ndiyo ilikuwa mbaya, na hii mpya umeiweka kwa mikono yako. Umesema pia vani pengine ilikwama, na nimeipima, haikwami. Basi leo kila kitu ni kizima. Boila niliomba iwashwe tangu asubuhi, presha iko pale pale kama siku ile. Guy atarudisha borniye kwa nyuzi, kama desturi. Wewe utasimama alipokuwa amesimama Hervé. Guy atabonyeza maji. Utaniambia kutoka juu ni maji au si maji."

"Kwa nini miye?"

"Wewe ni mkuu wa matengenezo. Nikimpandisha polisi, atajua nini?"

"Tangi iko tupu. Ile kazi haina maana."

"Tangi tupu, mvuke ukija utakuja wote usoni. Lakini hautakuja. Anayebonyeza anabonyeza maji. Labda uniambie unachoogopa."

Adalbert alimtazama Bijou. Bijou alikuwa akimtazama yeye, na hakupepesa macho. Mzee alizitoa kalamu zake mfukoni, akazipanga juu ya kabati, akatoka. Kupitia dirisha kubwa la kioo walimwona akipanda ngazi ya jukwaa, mkono kwenye chuma, akipumzika kila baada ya hatua chache. Alisimama juu ya mdomo wa tangi. Chuma pale kilikuwa bado na doa jeupe ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kulikwangua.

Eulalie alimfungua Guy pingu ya mkono mmoja. Guy alichukua borniye ya uzi mwekundu, akaichomeka kwenye karte ya mvuke. Akachukua ya uzi wa bluu, akaichomeka kwenye ya maji. Hakuna taa nyekundu iliyowaka.

Eulalie alifungua kioo kidogo cha dirisha. "Papa Adalbert, uko tayari?"

Mzee alishika chuma cha jukwaa kwa mikono miwili.

"Guy, kwenye skrini. Maji, yote. Weka kidole."

Guy aliweka kidole, kisha akakiondoa, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. "Sitabonyeza tena. Nirudishe cachot. Sitabonyeza."

"Nitahesabu mimi," Eulalie alisema kwa sauti ya kusikika nje. "Kisha nitabonyeza mwenyewe. Moja."

"Ngojeni," alisema Adalbert kutoka juu.

"Mbili."

"Musibonyeze. Musibonyeze, nyuzi zimegeuka. Ile ya bluu iko ya muvuke. Mutaniua, nyuzi zimegeuka."

Eulalie alibaki kwenye dirisha. "Ulizigeuza lini?"

"Siku ya mungu, bote bakiwa ku misa. Nilikuwa nataka Guy. Mnasikia? Guy njo anapandaka. Nilikuwa nataka atambae kama mutoto yangu anatambaa. Sikumutaka Hervé. Hervé alikuwa ananisalimia."

Aliposema jina hilo, Bijou alikuwa tayari amefika kwenye skrini. Hakukimbia. Alinyoosha mkono wa kulia, ule aliomwoshea mwanawe, akabonyeza maji, yote.

Hewa ya kusukuma vani ilipiga mluzi. Nyuma ya tangi, fimbo ya vani ya mvuke ilipanda mpaka mwisho wake. Adalbert alianguka magotini, mikono juu ya kichwa, na sauti iliyomtoka haikuwa na neno ndani yake.

Mvuke haukuja. Fimbo ilibaki juu, mluzi ukaisha, na mzee akabaki amejikunja juu ya chuma kikavu.

Eulalie aliingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa gurudumu la chuma la rangi nyekundu, akaliweka mezani kati yake na Bijou. Lilikuwa gurudumu la vani ya mkono, ile ya nyuma ya boila, isiyoendeshwa na karte yoyote.

"Niliufunga mvuke asubuhi," alisema. "Na gurudumu nikatembea nalo."

Bijou alilitazama. "Ulijua nitabonyeza?"

"Nilijua kuna mtu atabonyeza."

"Ungeniacha."

"Ningekuacha, sasa ningekuwa nakufunga wewe. Guy, lete mikono."

Alimfungua pingu ya pili. Kisha akausukuma uzi wa bluu na kumwonyesha Bijou ile pete ya waridi chini yake, rangi ya uzi mwekundu uliovuja kwa mvuke wa miaka kabla haujahamishwa. Bijou aliugusa kwa kidole, akautambua uzi wake, akauacha.

Adalbert aliteremshwa na polisi wawili. Pingu za Guy zilimwingia bila shida. Mlangoni aliona lango kuu, jeep, na vijana waliosimama mbele yake, akakaza miguu.

"Maman Inspekta, kuna mulango ya nyuma, ya kupitisha magadi. Leta jeep kule. Jean-Marie akisikia, sitafika."

Eulalie alitazama upande wa nyuma, akatazama lango. Jeep ingehitaji kuzunguka kilima chote, na habari ingewahi kabla yake. Askari alikuwa nao wawili.

"Hatapita nyuma," Bijou alisema.

"Maman—" Eulalie alianza.

"Hatapita nyuma. Nisikilize, Adalbert." Alimkaribia mpaka mfuko wa plastiki, aliouchukua tena mezani, ukagusa koti lake. Heshima ya kumwita Papa alikuwa amekwisha kumvua. "Nilibonyeza. Mungu aliona, Inspekta aliona. Ungeshakufa mara moja. Sasa uko muzima, na miye niko na wakati. Bibi yako alishakufa. Gentil hatembee. Mu prizo, mutu haletewe chakula, anakauka. Nani atakuletea?"

Adalbert aliziangalia pingu zake.

"Ni miye. Kila siku ya kutembelea bafungwa nitakuja na bugali na mboga ya sombe. Nitakaa mbele yako. Utakula, nitakuangalia. Nikitoka kule nitapita Kasha, nitamulisha Gentil, na yeye atajua ni mama ya nani anamulisha. Hautakufa. Utazeeka mu mukono yangu."

"Heri uniache kwa hawa vijana," Adalbert alisema kwa sauti ndogo.

"Najua."

Eulalie aliwatazama wote wawili, kisha akamwambia mlinzi: "Fungua lango kuu. Milango yake yote miwili. Guy, tembea nyuma yangu, usinipite."

Lango lilifunguka. Bijou aliingiza mkono wake kwenye mkono wa Adalbert uliofungwa pingu, akamshika sawasawa kama bibi anavyomshika bwana wakienda kanisani, akatoka wa kwanza.

Vijana walisogea. Jean-Marie alikuwa na chuma cha nondo mkononi.

"Maman, toka hapo. Nani huyu? Guy iko wapi?"

"Guy alibonyeza maji, kama alivyosema. Huyu njo aliua mudogo yako. Nishamuhukumu. Toka njiani."

"Kama njo yeye, umuache hapa."

"Nikimuacha kwako, leo jioni weye pia uko mu prizo, na nitakuwa na bakuli mbili za chakula za kupeleka. Weka chuma chini, Jean-Marie. Sina nguvu ya kuzika na kupika pamoja."

Jean-Marie alitazama mkono wa mama yake ndani ya mkono wa mzee. Kisha nondo ikagonga mawe.

Kwenye mlango wa jeep Bijou alisimama, akafungua mfuko wake wa plastiki. Alitoa mkate na yai la kuchemsha. Alikuwa amevinunua asubuhi kwa ajili ya Jean-Marie, ambaye hakuwa amekula vizuri tangu maziko. Aliumega mkate vipande viwili, akaweka kimoja kwenye viganja vya Adalbert vilivyofungwa.

"Kula," alisema. "Tunaanza leo."

Adalbert alimtazama Eulalie, akawatazama vijana. Hakuna aliyemsaidia. Akaupeleka mkate mdomoni, akala, na Bijou akasimama palepale akimwangalia mpaka alipomeza.